Simu Iliyolala Kwenye Ndengu

Kwanza toeni hiyo simu kwenye mchele. Nawaomba. Mchele ni wa kula.

Najua mmeambiwa na jirani, na jirani ameambiwa na simu yake. Lakini mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi hapa Majengo, mjini Meru, tangu simu zikiwa na antena watu wanazivuta kwa meno, mpaka hizi za leo zinazomtambua mwenyewe kwa uso, na sijaona hata punje moja ya mchele iliyotoka ndani ya simu imebeba maji. Nilichoona ni punje zilizokwama kwenye tundu la chaji. Simu ikianguka majini, izime. Toa laini. Ipanguse, iegemeze tundu la chaji likiangalia chini mahali penye upepo, halafu umpelekee fundi. Usiitikise, usiitie chaji, usiipulizie ile mashine ya kukausha nywele kama unaipeleka harusini. Na usiiwashe "kuangalia tu kama bado inafanya". Hiyo kuangalia tu imeua simu nyingi kuliko maji yenyewe.

Mimi wateja waliniita Mama Rukia, na hilo ndilo jina langu la kazi. Nimestaafu kwa sababu ya macho. Skrubu ya simu ni ndogo kuliko mbegu ya terere, ule mchicha wetu, na ilifika siku nikawa naitafuta kwa kupapasa. Meza yangu sasa iko kwa Kinoti. Ana hadubini, bodi ya simu inaonekana kwenye runinga kubwa mpaka unaweza kuhesabu vumbi. Namwonea wivu, nasema wazi. Lakini bado naenda pale asubuhi kunywa chai na kumkosoa, na yeye ana adabu, ananisikiliza mpaka mwisho kisha anafanya alivyotaka.

Aliyenifunza ni Mzee Mutwiri, fundi wa redio. Enzi hizo mwanamke ameshika solda lilikuwa jambo la kusimamisha watu njiani. Mtu anaingia, ananiona na buibui langu, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namjibu, "Amekwenda kuzikwa. Sema na mimi." Mzee Mutwiri akiwa nyuma ya pazia anajizuia kucheka mpaka anakohoa.

Mzee huyo alikuwa na mambo mawili tu ya kufundisha, mengine alisema utayaona mwenyewe. La kwanza, nusa. Kabla hujafungua kitu, kinuse. Kilichoungua kina harufu yake, kilicholowa kina yake, na kilichokaliwa na panya, ala, hicho huhitaji kukisogeza karibu. La pili, usimuulize mtu simu imefanya nini, muulize yeye alikuwa anafanya nini. Kwa sababu ukiuliza simu imefanya nini, wateja wote duniani wana jibu moja: "Imejizima yenyewe." Imeanguka chooni, imejizima yenyewe. Mtoto ameipigia msumari, imejizima yenyewe. Hakuna kitu chenye uhuru kama simu ya mteja.

Nikamuuliza hivyo mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Kangeta. Simu nzuri, mpya, imekufa. "Ulikuwa unafanya nini?" Akasema ilikuwa inapata moto sana sokoni, anapigiwa na wanunuzi tangu alfajiri, basi akaifunga kwa jani la mgomba akaitia kivulini. Nikamwangalia. Jani bichi, lina maji, na simu ya moto ndani yake. Akaniambia kwa hasira kidogo, "Mama, miraa inafungwa na jani hilo hilo na inafika mbali ikiwa safi. Simu ishindwe?" Nilicheka mpaka ushungi ukaanguka. Simu ikipata moto, vijana, punguzeni mwanga wake, fungeni programu mliyoiacha ikizunguka ndani, itoeni kwenye kava, msiichaji huku mkiitumia juani. Basi. Haitaki kuvishwa chochote.

Sasa niwaambie habari za Mama Wawira, maana hiyo ndiyo simu ninayoikumbuka nikilala na nikiamka.

Alikuja asubuhi moja, mwaka wangu wa mwisho kazini. Kiondo kimoja begani, kingine hakijaisha mkononi, nyuzi zinaning'inia. Alitoka Gachoka, kule Mbeere. Sasa mtu wa Gachoka akitaka fundi anakwenda Embu mjini, karibu, na mafundi wamejaa. Ukiona ameipita Embu akapanda mpaka Meru, jua ana shida imekataa dawa. Nikampa kiti.

"Wewe ndiye Mama Rukia?"

"Ndiye mimi. Karibu mama, pumua kwanza."

"Niliambiwa wewe hutupi simu ya mtu."

"Inategemea simu," nikasema.

Akaitoa kifuani. Imefungwa kwa leso, ndani ya leso mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa. Nikamuuliza swali la Mzee Mutwiri. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nanywesha ng'ombe. Nikainama, ikatoka kwa kifua ikaingia kwa maji."

"Halafu?"

"Nikaitoa."

"Halafu?"

Akaanza kusokota nyuzi zake juu ya paja. Mimi nikainusa simu. Subhanallah. Ilinuka jikoni. Nikamulika tundu la chaji, nikaona kitu cha kijivu kimeganda mle ndani.

"Mama," nikamwambia pole pole, "uliilaza wapi hii simu?"

"Kwa ndengu."

Kumbe alikuwa amesikia redioni habari hiyo ya mchele. Mchele hana. Ndengu, hizo choroko, anazo, debe zima, mavuno ya shambani kwake. Na ndengu zake, kama mama yake alivyomfunza na nyanya yake kabla ya hapo, anazihifadhi kwa kuzichanganya na majivu, wadudu wasizitoboe. Simu ikatoka majini, ikazikwa kwenye ndengu na majivu yake, ikakaa huko siku kadhaa.

"Wadudu hawakuingia," akajitetea.

"Hapo umesema kweli," nikasema. "Hata mmoja sijamwona."

Akacheka kidogo, ndipo nilipoona kwamba hakuwa amecheka kwa muda. Lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshaogopa. Majivu makavu hayana neno. Majivu yakikutana na maji yanatoa magadi, na nyinyi ambao mama zenu walipikia mboga maji ya majivu mnajua ukali wake. Magadi yanakula shaba. Na ndani ya simu, barabara zote za umeme ni shaba.

"Laini iko wapi?" nikauliza.

Hapo akafunika uso kwa mkono. "Kuku aliimeza."

Haki ya Mungu. Aliitoa laini, jambo jema, akaianika juani juu ya gunia, pembeni ya ndengu zilizokuwa zinakauka. Kuku akaja, dona, dona, akaondoka nayo. Wakamkimbiza kuku uwanja mzima, wakamchinja. Laini wakaipata kwenye firigisi, imesagwa vizuri pamoja na mawe.

"Na kuku?"

"Tulikula. Ungefanya nini?"

Tulicheka wote wawili, mteja mwingine aliyekuwa akisubiri kava naye akacheka. Halafu Mama Wawira akaacha kucheka, akaniambia kilichomleta.

Binti yake, Wawira, yuko Uarabuni kwa kazi ya nyumba. Simu yake mwenyewe iliharibika huko na mwenye nyumba hajampa nafasi ya kununua nyingine, kwa hiyo huazima ya wenzake wa nyumba za jirani, leo ya huyu, wiki ijayo ya yule, akampigia mama yake kwa ile programu ya kijani ya ujumbe ambayo kila mtu anayo. Namba moja tu ndiyo aliyoishika kichwani: hiyo ya mama yake. Wakala aliyempeleka alishafunga ofisi. Na laini hiyo Wawira mwenyewe ndiye aliyeinunua kabla ya kusafiri, imesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa hiyo mama akienda kuomba ifufuliwe anaambiwa mwenye laini aje mwenyewe.

Mama Wawira alishanunua laini nyingine kwa jina lake, ameitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Inafanya kazi vizuri. Lakini Wawira haijui.

"Huko Embu walisema nini?"

"Kijana wa huko aliitia chaji, ikawaka kidogo. Ikaniuliza ule mstari wa kufungua. Nikachora, ikakataa. Nikachora, ikakataa. Watu wamenisimamia, nikachanganyikiwa kabisa. Ikasema nisubiri, halafu ikazima. Huyo kijana akasema ataiflashi, afute yote yaliyo ndani, itakuwa mpya. Nikamuuliza, msichana wangu atapiga wapi? Akasema utafungua nyingine na laini mpya. Nikachukua simu yangu, imekaa nyumbani wiki kadhaa."

Nilimshika mkono. Kijana yule hakukosea, alikuwa anaeleza kazi yake. Lakini hebu nyinyi sikilizeni hapa, maana wengi hamjui mpaka yawafike. Ile programu ya kijani inakaa juu ya namba, si juu ya simu. Ukitaka kuifungua upya, inatuma nambari za siri kwenye laini. Laini ilishasagwa tumboni mwa kuku. Kwa hiyo akaunti ya Mama Wawira ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya simu hiyo iliyojaa majivu, na namba za wale wenzake Wawira alioazima simu kwao zilikuwa mle mle. Kuiflashi ni kufagia nyumba na kumtupa mtoto pamoja na takataka.

Nikamwambia, "Leo unalala kwangu. Sitaki kukimbizana na gari."

Nikaifungua. Sijisifu, niliomba Mungu kwanza. Nilipasha mgongo wake joto la polepole gundi ilegee, nikachomoa betri kabla ya kitu kingine chochote. Betri ilikuwa imevimba kidogo, hiyo nikaiweka nje kwenye mchanga, na nyinyi mkiona simu imeanza kuinua mgongo msiilalie mto. Bodi ilikuwa na ukungu wa kijani na mweupe. Nikaisugua kwa spiriti na mswaki laini wa mtoto, nikasubiri ikauke, nikaisugua tena. Tundu la chaji nililichokoa kwa kijiti cha meno, si pini, pini inakwangua dhahabu yake, lakini lilikuwa limekwisha. Nikatia lingine. Nikapata betri kwenye simu ya aina hiyo hiyo iliyovunjika kioo. Mama Wawira alikaa mlangoni anasuka. Kila nikiinua kichwa anauliza, "Imepumua?" Namwambia, "Bado, mama." Baada ya mara kadhaa akaacha kuuliza, anatazama tu.

Nikaiacha ikauke usiku kucha, nyumbani tukala wali kwa maharagwe, naye akaniambia Wawira alikuwa mtoto wa kuimba tangu mdogo, anaimba hata akikamua.

Asubuhi nikabonyeza. Ikawaka.

Mama Wawira akapiga ukelele, nusura amwage chai ya Kinoti, ambaye wakati huo alikuwa bado ananisaidia meza ya pili. Lakini mimi sikufurahi, kwa sababu simu ikishazimika ikawaka upya, haikubali kidole. Siku zote alikuwa anafungua kwa kidole gumba, na mchoro inamuuliza mara moja moja tu. Sasa ilitaka mchoro. Na alishakosea mara nyingi kule Embu. Sikujua simu hiyo imepangwaje. Zingine zikikosewa mno zinajifuta zenyewe.

"Unaukumbuka?"

"Ulikuwa kwa kichwa. Umetoka."

Kinoti akaleta karatasi, akamwambia auchore. Nikamwambia Kinoti, "Ondoa karatasi." Nilikuwa nimemtazama yule mama jana kutwa anasuka kiondo bila kukiangalia hata mara moja. Anazungumza na mimi, anatazama barabara, mikono inapita juu ya uzi, chini ya uzi, haikosei. Nikimuuliza amefika safu gani, anapotea inabidi aangalie. Mtu kama huyo huwezi kumuuliza kichwa habari ambazo kichwa hakijawahi kuwa nazo.

Basi nikamwambia tuiache simu kwanza. Akachukua kiondo chake. Nikamuuliza habari za Wawira, huo wimbo wa kukamulia ulikuwaje. Akaona haya. Nikambembeleza. Akaanza kuuimba kwa sauti ya chini, mikono inasuka, mabega yakashuka. Alipofika katikati, nikachukua kiondo taratibu kutoka mkononi mwake nikaweka simu mahali pake. Akiwa bado anaimba, macho yako barabarani, kidole gumba kikapanda, kikakata kona, kikashuka.

Ikafunguka.

Kinoti aliketi chini, wallahi, kwenye sakafu. Mimi nililia. Sioni aibu kusema.

Nikaiunganisha na waifai ya duka. Ikatulia kidogo, kisha ikaanza kulia, ting, ting, ting, haikomi. Simu zilizopigwa zikakosa kupokelewa, kutoka namba ngeni, hii na hii na hii. Wawira alikuwa amezunguka nyumba zote za mtaa ule akiazima. Ya mwisho ilikuwa ya siku nyingi kidogo. Baada ya hapo kimya.

Tukapiga hiyo ya mwisho. Mwanamke akapokea kwa lugha ambayo sisi hatuijui. Mama Wawira akasema tu, "Wawira. Wawira." Yule mwanamke akasema, "Wawira? Kenya?" Tukasikia anakimbia, mlango, mbwa, mlango mwingine. Halafu sauti ya msichana, Kimbeere, ambacho mtu wa Meru akitega sikio anakipata.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Nani?"

"Mama yako."

Msichana akalia kilio ambacho sijasikia tena. Aliposhika pumzi akasema, "Mama, nilijua umekufa. Nimenyoa nywele."

Wazee wa kwao walikuwa wakinyoa kichwa wakifiwa na mzazi. Msichana yuko peke yake ugenini, hana wa kumwambia habari, hana kaburi, alikuwa amehesabu ukimya akaona mama hayupo. Akafanya alilojua. Na sisi huku tulikuwa tumefikiri anayetafutwa ni yeye.

Mama Wawira akafunika mdomo kwa leso. Alipoiondoa, sauti yake ilikuwa imara kabisa. "Zitaota," akasema. "Mimi nife nikuache huko na nani? Nilikuwa kwa fundi."

Wakacheka na kulia pamoja, sijui kipi kilikuwa kipi. Kisha yule mwanamke mwenye simu akasikika anamwita, kazi inamngoja. Nikamwashiria Mama Wawira: namba mpya, mpe namba mpya. Wawira akasema hana kalamu wala karatasi, amsomee, ataishika. Mama akatoa kabambe, akaanza kusoma namba yake kidogo kidogo, Wawira anaitikia kutoka huko. Wawira akakosea moja. Wakaanza tena. Mara ya pili Kinoti naye akawa anaitikia pale chini sakafuni. Kisha mimi. Kisha yule mteja aliyekuja kuchukua kava yake, na muuza nyama wa duka la pili aliyekuwa amechungulia kuuliza kuna nini. Tukaisoma wote kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka Wawira akaitaja peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, bila kukosea, na simu ikakatika.

Ni miaka sasa. Ya kwangu mwenyewe nikiulizwa namba, lazima nifungue simu niitazame. Ile ya Mama Wawira niamsheni usingizini, nitawasomea.